Turubai Likishaondolewa: Namna ya Kulishika Tumaini la Kikristo Baada ya Msiba

Siku ya nne baada ya kumzika mama yangu, mwenye viti alikuja na kirikuu chake kuchukua mali yake. Alivihesabu viti mara mbili, akatuonyesha kimoja kilichovunjika mguu, akalipwa, kisha akafungua kamba za turubai na kuondoka. Majirani nao walikuja mmoja mmoja kutambua masufuria yao kwa majina yaliyoandikwa kwa rangi kwenye vitako. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, uani palikuwa pamebaki alama za miguu ya viti kwenye udongo, majivu ya magogo, na daftari la rambirambi juu ya meza. Mchungaji alikuwa amehubiri vizuri, kwaya ilikuwa imeimba vizuri, na watu walikuwa wametupa pole kwa moyo wote. Lakini yote hayo yalisemwa wakati masikio yangu hayasikii. Nilipoanza kusikia, wasemaji walikuwa wameshapanda magari.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya jioni kama ile na miezi inayoifuata. Ninauandika kama mzee wa kanisa katika usharika wa kawaida huko Kilimanjaro, ambako wengi wetu bado tunawazika wapendwa wetu kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kwa hiyo mfiwa hulitazama kaburi kila anapotoka kumwaga maji. Sina dawa ya kuondoa huzuni, na nina shaka na yeyote anayedai kuwa nayo. Ninachoweza kueleza ni mambo ambayo Mkristo anaweza kuyafanya kwa mikono, kwa mdomo na kwa miguu yake wakati moyo haufanyi lolote.

Acha kwanza kujikaza

Baada ya neno "pole", neno ambalo mfiwa hulisikia mara nyingi zaidi ni "jikaze". Wapo wanaoliongezea uzito kwa kusema kwamba aliyeokoka halii, na ushahidi wao huwa ni 1 Wathesalonike 4:13. Ifungue aya hiyo uisome hadi mwisho. Paulo hakuwaandikia Wathesalonike "msihuzunike" kisha akaweka nukta, aliwaandikia "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Alichokitenganisha ni namna mbili za kuhuzunika, na wala hakumtenganisha anayelia na asiyelia.

Kisha soma Yohana 11 polepole, kwa sauti ikiwezekana. Yesu alifika Bethania akijua atakalolifanya. Lazaro alikuwa amekaa kaburini siku nne, na baada ya muda mfupi angeitwa na kutoka. Hata hivyo, alipomwona Mariamu analia na watu waliofuatana naye wanalia, aliugua rohoni, akafadhaika, na Yohana akaliandika lile neno fupi: "Yesu akalia machozi." Ikiwa yeye aliyeushika ufunguo wa kaburi lile alilia mbele yake, sioni ni nani aliyetupa sisi amri ya kuwa na macho makavu. Tena watu wa Biblia hawakuwa na haraka kama yetu: Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, Yusufu akaongeza maombolezo ya siku saba, na Israeli walimlilia Musa siku 30. Sisi tunaanua tanga siku ya tatu, mwajiri anatutazamia ofisini wiki inayofuata, na tusipochangamka tunaulizwa kama imani yetu imepoa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutenga mahali na saa ya kulia. Ninasema hivi kwa makusudi, kwa sababu nyumba zetu zina watu wengi, na mfiwa mwenye watoto huishia kuyameza machozi hadi yanamtoka sokoni au kwenye daladala. Mimi nilikwenda shambani nyuma ya migomba saa kumi na moja alfajiri, kabla wengine hawajaamka, na wanaume wenzangu wanaosoma haya wanajua kwa nini nilichagua kujificha.

Mwili nao unafiwa

Jambo hili ni fupi, lakini lisipofanyika hayo mengine hayafanyiki. Eliya alipoketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai wake, Mungu hakumpelekea hotuba. Alimpelekea malaika mwenye mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwambia aamke ale. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale tena. Mazungumzo juu ya imani yake yalikuja baadaye, mlimani. Mfiwa na ale hata kama chakula hakina ladha, na njia iliyo rahisi ni kumwomba mtu mmoja, shangazi au jirani, aje mle pamoja mara moja kwa siku, maana mtu anayekula peke yake huishia kwenye chai kavu. Uamuzi mkubwa, kama kuuza kiwanja, kuhama nyumba au kuacha kazi, usifanywe katika wiki hizo ikiwa unaweza kungoja.

Kuomba pale usipoweza kuomba

Wafiwa wengi niliokaa nao hueleza aibu ileile: wanapiga magoti, wanasema "Baba yetu uliye mbinguni," kisha maneno yanakauka. Wengine wamekasirika na wanaogopa kwamba Mungu akiisikia hasira yao atawaadhibu kwa kuchukua mwingine. Kwa watu hawa kanisa lina kitabu cha sala kilichoandikwa na watu waliokuwa katika hali hiyohiyo, nacho ni Zaburi. Nyingi kati ya zaburi 150 ni malalamiko ya wazi, na Mungu aliyeruhusu yaandikwe na kuimbwa ndani ya hekalu lake hawezi kushtuka akiyasikia kutoka jikoni kwako.

Anza na Zaburi ya 13, kwa sababu ina aya sita tu. Isome kwa sauti asubuhi na usiku kwa muda wa wiki moja kabla ya kujaribu kitu kingine. Utaona ina sehemu tatu. Aya ya 1 na ya 2 ni lalamiko, na humo swali "hata lini" limerudiwa mara nne: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Aya ya 3 na ya 4 ni ombi, ambapo mwenye zaburi anamtaka Mungu amwangalie, amwitikie na kuyatia nuru macho yake. Aya ya 5 na ya 6 ni tamko la kutegemea: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hakuna mahali ambapo zaburi hii inasema tatizo limekwisha, adui wa aya ya 2 bado yupo aya ya 6 inapomalizika.

Wiki ya pili, chukua daftari la shule la kurasa 40 uandike zaburi yako kwa mpangilio huo. Siri ya sehemu ya kwanza ni kutaja vitu vyenyewe. Ukiandika "Bwana, nina huzuni," utakuwa umemwambia habari ambayo ungeweza kumwambia yeyote. Mwambie umempigia marehemu simu kwa mazoea, ukaisikia ile sauti ya mashine ikisema namba haipatikani. Mwambie habari ya ndala zake zilizo bado chini ya kitanda. Mojawapo ya zangu, ambayo nainakili hapa kama ilivyo, ilisema hivi: "Ee Bwana, hata lini nitaendelea kutenga vikombe viwili? Hata lini utanyamaza nikikuuliza kwa nini damu ilichelewa kuletwa wodini? Naomba usiku huu nilale bila kuusikia ule mlango ukifungwa. Juu ya fadhili zako sina la kusema leo. Nimekuja tu."

Ukiona sehemu ya tatu haitoki, usiigushi. Acha mistari mitupu kwenye daftari, uandike tarehe, ufunge. Wapo wanaodhani kwamba sala isiyoishia kwenye sifa haijakamilika, lakini Zaburi ya 88 haigeuki hata kidogo. Inaanza na kilio cha mchana na usiku na neno lake la mwisho kabisa ni "gizani". Mwanga pekee uliomo uko kwenye namna inavyomwita Mungu katika mstari wa kwanza, "Mungu wa wokovu wangu", na kwa mtu aliyefiwa huo unaweza kutosha kwa miezi kadhaa. Siku ambazo hata kuandika hakuwezekani, kaa kimya mbele za Mungu ukijua kwamba Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua huko si maneno.

Jua unachokitumaini

Hapa naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo, kwa sababu mahubiri mengi ya misibani hupita hapa mbio. Watu husema marehemu amekuwa malaika, au kwamba Mungu alihitaji ua zuri bustanini mwake, au kwamba kifo ni rafiki anayetuvusha. Ni maneno ya upole, lakini hayasemi kile ambacho Wakristo hukiungama kila Jumapili, yaani ufufuo wa mwili. Katika 1 Wakorintho 15:26 mauti inaitwa adui, tena adui wa mwisho atakayebatilishwa. Mfiwa anayelijua hilo hupata nafuu ya ajabu: halazimiki tena kukiita kizuri kilichomtokea. Anaweza kusimama upande wa Mungu na kuichukia mauti.

Katika sura hiyohiyo, aya ya 20, Kristo anaitwa "limbuko lao waliolala". Mkulima haelezwi sana neno hili. Limbuko ni zao la kwanza linalopelekwa kanisani kabla ya mavuno, nalo limetoka shamba lilelile lenye mazao mengine ambayo hayajaiva. Paulo anasema ufufuo wa Yesu asubuhi ile ya Pasaka na ufufuo wa mama yangu ni mavuno ya shamba moja, ingawa kati yake kuna msimu mrefu wa kungoja. Mbele kidogo, aya ya 42, anaendelea na lugha ya shambani: mwili hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika. Ndiyo maana "amelala" si tafsida tu ya kuepuka neno "amekufa".

Lifanyie zoezi. Nenda kaburini siku ambayo hakuna ibada wala wageni, ng'oa magugu, kisha usome kwa sauti 1 Wakorintho 15 kuanzia aya ya 20 hadi ya 26, na kuanzia ya 42 hadi ya 44. Kama marehemu alizikwa mbali, kama wengi wa mjini ambao miili yao ilisafirishwa kwenda kwao, soma ukiwa popote, umeelekea upande ule. Usisubiri kujisikia vizuri ukimaliza. Kazi ya maneno hayo ni kuwa kweli, na hisia zitayafuata kwa mwendo wake.

Makanisa yetu hayafanani katika namna ya kuwakumbuka waliolala. Wakatoliki huwaombea marehemu, hutoa nia za Misa kwa ajili yao, na tarehe 2 Novemba huwakumbuka marehemu wote. Waprotestanti wengi humshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kumwachia yeye yaliyobaki. Fuata utaratibu wa kanisa lako kwa amani. Siku ya msiba si siku ya kubishana na shemeji kuhusu toharani.

Maneno ya watu, na lile swali la "nani"

"Kazi ya Mungu haina makosa." "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Wanaoyasema hawana nia mbaya, wamekuja kwa miguu, wamechota maji, na hawajui waseme nini. Yapokee kama unavyopokea sukari ya rambirambi, bila kulazimika kuitumia yote. Kama wewe ndiye unayekwenda kumpa mtu pole, kumbuka kwamba marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema, nalo ni kuketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza.

Lililo gumu zaidi ni lile linalosemwa usiku, wageni wakishapungua: kwamba kifo hiki si cha bure, kwamba kuna mkono wa mtu, kwamba afadhali mtu mmoja wa ukoo aende "kuangalia" kwa mganga. Nimeona ukoo ukigawanyika kwa sentensi moja ya namna hiyo, na mjane akahamishwa chumba kabla ya arobaini. Ushauri wangu ni kutolijibu usiku huohuo. Asubuhi, watu wawili wenye busara waende kwa daktari aliyemtibu marehemu, wamwombe awaeleze ugonjwa kwa Kiswahili cha kawaida, kisha wautangaze ukweli huo mbele ya ukoo, mchungaji au padre akiwepo. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu alikataa kuwapa mkosaji (Yohana 9:3). Na mjane au yatima anayetishiwa kunyang'anywa mali na asaidiwe mapema kumpata msimamizi wa mirathi mahakamani, maana Yakobo 1:27 inaiita kazi ya kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao dini iliyo safi.

Wengine hawamtafuti mchawi, wanajitafuta wenyewe. "Kama ningempeleka hospitali mapema." "Kama ningepokea simu yake ile jioni." Martha na Mariamu nao walikuwa na "kama" yao, na kila mmoja aliisema kwa wakati wake kwa maneno yaleyale: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Nilichokuja kukiona baada ya kuisoma sura hiyo mara nyingi ni kwamba wote wawili walimpelekea Yesu "kama" yao, wala hawakurushiana wao kwa wao. Ukiwa na kosa la kweli, liungame kwa mchungaji au padre wako, upokee msamaha unaotamkwa kwa sauti ya mtu mwingine. Lisipokuwa kosa, liandike kwenye daftari pamoja na zaburi zako.

Kurudi katikati ya watu

Jumapili ya kwanza kanisani ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwaya ikiimba wimbo ulioimbwa siku ya maziko. Kaa karibu na mlango, na mwambie mtu mmoja mapema kwamba ukitoka nje asikufuate ila baada ya dakika kumi. Usipoweza kuimba, acha wengine waimbe. Katika Marko 2 yupo mgonjwa wa kupooza aliyechukuliwa na watu wanne, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Zipo wiki ambazo utabebwa na jumuiya, na hakuna aibu ndani yake. Ndugu wa jumuiya nao wawe na daftari: tarehe ya kifo, arobaini, siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi ya kwanza. Ziara ya mwezi wa tano baada ya msiba, wakati kila mtu amekwisha kusahau, humfaa mfiwa kuliko sufuria ya pilau ya siku ya pili.

Kama wiki zinapita hulali, huli, huwezi kuwahudumia watoto, au umeanza kuwaza kuyakatisha maisha yako, mwambie mtu leo, na uende kwa daktari au mshauri nasaha. Kwenda huko hakupunguzi imani. Yule malaika wa Eliya alileta mkate.

Vitu vya marehemu visigawanywe kwa haraka ya ndugu wanaotaka kuwahi basi. Mimi vya mama nilivigusa mwezi wa nane baada ya maziko. Vitenge vyake niliwapa dada zangu, na Biblia yake nikabaki nayo, ikiwa imefungwa kwa mpira kwa sababu jalada lilikuwa limeachia. Ndani yake, kwenye Zaburi ya 13, nilikuta tarehe mbili zilizoandikwa kwa penseli pembeni. Ya kwanza iko kwenye aya ya 1, nayo ni wiki iliyofuata kumzika baba. Ya pili iko kwenye aya ya 5, miezi 14 baadaye. Katika miezi hiyo yote mimi nilimjua mama yangu kama mtu wa imani imara, aliyeongoza maombi kwenye jumuiya na kuwafariji wajane wenzake, na sikuwahi kujua kwamba alikuwa amesimama kwenye aya ya 4.

Nimeichukua desturi yake. Tarehe yangu ya aya ya 1 iko chini ya yake, kwa mwandiko mbaya. Ya aya ya 5 niliiandika mwaka jana, mwezi wa Agosti, asubuhi moja nilipotoka kuchuma kahawa. Kwenye aya ya 6, ile ya kumwimbia Bwana, bado sijaandika kitu, na penseli ipo palepale katikati ya kurasa.